Kabla ya Kutabiriwa Ushindi, Jifunze Kuendesha Karibu na Jirani



Tangu vijana wetu watangaze kwamba wamejiandikisha kwa mbio za baiskeli za mlimani, simu yangu haijatulia. Mama mmoja anauliza kama anaweza kuleta baiskeli ya mwanawe madhabahuni tuiombee. Mzee mmoja ananiambia ameona katika roho kijana wetu akivishwa medali. Wengine wameanza kuchanga pesa za jezi zenye jina la kanisa mgongoni. Namshukuru Mungu kwa upendo huo wote. Lakini leo nina neno ambalo si kila mtu atalipigia vigelegele, nanyi mnivumilie.

MSIMTABIRIE USHINDI KIJANA AMBAYE HAJAWAHI KUENDESHA BAISKELI KATIKATI YA WATU MIA MBILI.

Niwaeleze kwa nini.

Kuna mashindano ambapo kila mtu anaondoka peke yake na kushindana na saa. Haya si hayo. Hapa wote wanasimama nyuma ya utepe mmoja, filimbi inalia mara moja, na kundi zima linaondoka pamoja. Mara nyingi mwanzo huwa kwenye barabara pana ya murram. Vumbi linapanda, mashimo huyaoni. Mbele yako kuna gurudumu la mtu, kushoto kuna kiwiko, kulia kuna usukani wa mwingine. Halafu baada ya kilomita moja au mbili, ile barabara pana inaingia kwenye kijia cha msituni ambacho baiskeli mbili haziwezi kupita sambamba. Watu mia mbili wanataka kupita mlango wa mtu mmoja! Kama umewahi kuona matatu zikigombania kuingia stendi saa kumi na mbili jioni, umeshaielewa picha.

Sasa nauliza: kijana wetu amejiandaaje kwa hizo dakika kumi za kwanza? Najua anaamka alfajiri. Najua amepanda Ngong peke yake mpaka miguu imekuwa chuma. Ni vizuri sana, asiache. Lakini mlima wa alfajiri ukiwa peke yako hauna mtu wa kukukatia njia. Haukufundishi la kufanya aliye mbele yako akipiga breki ghafla. Maoni yangu ni haya: maandalizi ya mbio za kwanza ni nusu miguu, nusu jirani. Na ile nusu ya jirani ndiyo tunayoisahau.

Ibadani huwa nawaambia, "Mwambie jirani yako." Mnageuka, mnatabasamu, mnasema, tunaendelea. Kwenye mbio jirani ni jambo zito zaidi. Gurudumu lako la mbele likigusa gurudumu lake la nyuma, mara nyingi yeye ataendelea na safari, na wewe ndiye utakayelala chini. Na walio nyuma yako hawatakuwa na nafasi ya kukukwepa. Kosa la sekunde moja linaweza kuvunja mfupa wa bega wa mtu ambaye hata humjui jina.

Sisemi haya ili kuwatia hofu. Lakini Kenya tunalijua jina la Sule Kangangi. Alikuwa nahodha wa Team Amani, mmoja wa waendeshaji bora tuliowahi kuwa nao, mtu aliyewafungulia wengine njia. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za barabara za vumbi zinazoitwa Vermont Overland, huko Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Huyo hakuwa mwanafunzi wa jana, alikuwa mzoefu. Kama mchezo huu unaweza kumchukua mzoefu, sisi tuna haki gani ya kumsukuma asiyejua, tukisema tu "songa mbele, utashinda kwa jina la Yesu"? Maombi hayajawahi kuwa kibali cha kuruka mazoezi. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, watu waliokuwa wakiishi karibu na uwanja wa michezo, mfano aliowapa ulihusu nidhamu ya mshindani. Hakuwaahidi taji bila jasho.

Basi kijana wangu, na wewe dada uliyejiandikisha, fungua masikio.

KWANZA, JIFUNZE JIRANI.

Angalau mara moja kwa wiki, endesha na kundi. Kama ni Nairobi, mko na Karura. Kama ni upande wa Limuru, mko na barabara za mashamba ya chai. Anzeni wanne, muwe wanane, muwe kumi na wawili. Jifunze kukaa nyuma ya mtu bila kugusa gurudumu lake. Usilitazame hilo gurudumu tu. Tazama juu ya bega lake, uone barabara inakoelekea, maana yeye akiona shimo wewe utalijua ukiwa ndani yake. Usipitishe gurudumu lako la mbele ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma ukakaa hapo. Ama uko nyuma kabisa, ama unapita. Katikati ndipo watu wanapoangukia.

Jifunze kushika mstari wako. Mtu anayeyumba kushoto na kulia kundini ni hatari hata akiwa na mbio kama swala. Jifunze kutoa chupa, kunywa na kuirudisha bila kuhama mstari. Jifunze kusema. Ukitaka kupita kwenye njia nyembamba, sema mapema na kwa upole, "Napita kulia!" kisha usubiri akupe nafasi. Na ukiombwa njia, toa njia. Haikupunguzii kitu.

Chris Froome, yule aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Kabla ya barabara za Ufaransa, alikuwa kijana mdogo kwenye njia za vumbi za upande wa Kikuyu, akiwafuata David Kinjah na vijana wa Safari Simbaz. Shule yake ya kwanza ilikuwa kundi la watu waliomzidi nguvu. Kukaa nyuma ya wanaokuzidi ni darasa, wapendwa. Si aibu.

PILI, MIGUU, LAKINI KWA UTARATIBU.

Jipe wiki kumi au kumi na mbili. Siku tatu au nne kwa wiki zinamtosha mtu mwenye kazi na familia. Siku moja iwe ya safari ndefu ya mwendo wa kawaida, ule mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Siku moja iwe ya milima: panda kwa nguvu dakika tatu hadi tano, shuka taratibu, rudia. Siku moja iwe ya kundi na ujuzi wa kona na mteremko. Ongeza kidogo kidogo, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upumzike. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika, si wakati wa kuteswa.

Pima kwa saa, si kwa kilomita. Kilomita arobaini za lami na kilomita arobaini za mawe na mizizi si ndugu. Kama unakadiria mbio zako zitachukua saa tatu, safari yako ndefu ya mazoezi ifike angalau saa mbili na nusu kabla ya siku yenyewe.

Na wiki ya mwisho, tafadhali, usijaribu kulipa deni la miezi miwili kwa siku tano. Punguza mazoezi yawe nusu. Weka mwendo wa kasi mara chache na kwa muda mfupi, ili miguu isisinzie. Lala vizuri wiki nzima, hasa usiku wa kuamkia siku ya mwisho kabla ya mbio, maana usiku wenyewe wa mbio wengi hawalali kwa sababu ya msisimko, na si neno.

TATU, BAISKELI.

Naomba nizungumze na wale wanaotaka kuazima baiskeli ya jirani siku moja kabla. Usifanye hivyo! Baiskeli usiyoijua ni kama farasi usiyemjua. Endesha ile ile uliyofanyia mazoezi, hata kama si ya bei kubwa.

Wiki mbili kabla, ipeleke kwa fundi unayemwamini. Atazame pedi za breki kama zimekwisha, cheni kama imelegea, gia kama zinaruka, njiti za magurudumu kama kuna iliyokatika. Ukiifanyia matengenezo usiku wa mwisho, hutapata muda wa kuyajaribu.

Tairi usiijaze ikawa ngumu kama jiwe. Wengi wanadhani tairi ngumu ndiyo yenye kasi. Kwenye lami, sawa. Kwenye mawe itakurusha kama mbuzi na kukunyima mshiko kwenye kona. Waendeshaji wengi wa tairi zisizo na tyubu hukaa kati ya 20 na 30 kwenye kipimo cha PSI kulingana na uzito wao, na wenye tyubu huongeza kidogo ili isibanwe kwenye ukingo wa gurudumu ikapasuka. Jaribu viwango hivyo kwenye mazoezi mpaka ujue chako.

Beba tyubu moja ya akiba, vijiti vya kufungulia tairi, pampu ndogo, na kifaa cha kuunganisha cheni iliyokatika. Halafu ujue kuvitumia! Fungua tairi sebuleni mara tano, mpaka mikono ijue yenyewe. Mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha katikati ya mbio, akapoteza nafasi nyingi. Hakutupa baiskeli. Alibadilishiwa gurudumu, akarudi mdogo mdogo, akawakamata, akashinda dhahabu. Wewe huna fundi anayekusubiri kando ya njia na gurudumu jipya. Fundi ni wewe.

NNE, TUMBO.

Mbio zinazozidi saa moja na nusu haziendeshwi na chai ya asubuhi pekee. Mwili unahitaji wanga, kiasi cha gramu 30 hadi 60 kila saa. Ndizi moja ya kawaida iliyoiva ina karibu gramu 25. Kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, au tende, vinatosha kabisa. Kunywa karibu nusu lita ya maji kwa saa, zaidi kukiwa na jua kali, na usisahau chumvi kidogo. Anza kula mapema, usingoje njaa. Njaa ikikukuta mlimani umechelewa.

Na hili nawaambia akina mama kwa heshima kubwa: asubuhi ya mbio msimpe mtoto chakula kipya cha baraka. Kile alichokula kabla ya mazoezi marefu, ndicho hicho hicho, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Githeri nzito ya maharagwe mengi iache ya jioni, akirudi.

TANO, SIMAMA NYUMA.

Hapa najua nitapingwa, kwa hiyo nianze na wale wanaonipinga. Wanasema: ukianza nyuma, utakwama kwenye foleni pale njia inapokuwa nyembamba, na walio mbele watakuwa wameshapotea. Ni kweli kabisa! Nyuma kuna gharama. Kundi linapopunguza mwendo, aliye nyuma anasimama kabisa, na likichomoka, inambidi afukuze. Kwa mtu mwenye uwezo wa kushindania nafasi kumi za kwanza, mbele ndipo mahali pake.

Lakini wewe ni mara yako ya kwanza. Ukijipenyeza mstari wa mbele, filimbi itakapolia utakuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: uende kwa kasi yao, mpaka dakika ya nane miguu ijae moto na upumuaji ukatike, au uende kwa kasi yako, uwe jiwe katikati ya mto na kila mtu akukwepe kwa hatari. Yote mawili ni mabaya. Ukisimama nyuma, utapoteza dakika chache. Utapata nafasi ya kupumua, kuona, kuchagua mstari. Na kilomita ya kumi, wale waliotoka kama risasi utaanza kuwapita mmoja mmoja, wakiwa wameinamia usukani.

Michezo mikubwa yenyewe hupanga watu. Katika mbio za dunia za baiskeli za mlimani, waendeshaji huitwa mstarini kwa jina, wenye viwango vya juu kwanza. Mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo, huyo huyo Pidcock alianzia mstari wa nne kwa sababu kiwango chake kilikuwa chini. Alishinda. Na katika mbio hizo hizo, bingwa mkubwa Mathieu van der Poel alianguka mzunguko wa kwanza kwenye jabali, kwa sababu alitegemea kukuta ubao wa kutelemkia aliokuwa ameuona siku za mazoezi, na siku ya mbio haukuwepo. Umeliona hilo? Mstari wa nne haukumzuia aliyejiandaa, na jina kubwa halikumbeba aliyedhani anaijua njia. Kwa hiyo nenda ukaitazame njia mapema ukiruhusiwa, na siku yenyewe bado iendeshe kwa macho yako, si kwa kumbukumbu.

Kwenye mteremko, vuta breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia zote mbili, kwa vidole vyepesi. Mahali unapoona pamekushinda, shuka ubebe baiskeli. Ndiyo, ubebe! Toka kwanza pembeni ili usiwazuie wengine. Hakuna mstari kwenye cheti cha kumaliza unaouliza ulitembea mara ngapi.

Sasa nigeuke kwenu, kanisa.

Zile pesa za jezi, naomba tuzitumie vingine kwanza. Kila kijana awe na kofia ya usalama nzuri inayokaa vizuri kichwani, isiyowahi kupata ajali. Kila baiskeli iwe na pedi mpya za breki. Kuwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu mmoja anayejua kulitumia. Kikibaki kitu, ndipo tuandike jina la kanisa mgongoni. Jina letu kwenye mgongo wa mtu asiye na breki si ushuhuda.

Siku ya mbio, mkija kushangilia, msisimame ndani ya kona wala kwenye kijia. Msimwage maji juu ya mtu ambaye hajaomba. Na jamani, msipige kelele "Mpite huyo! Mpite!" Huyo anayepitwa ana mama yake pia, yuko hatua tatu kutoka ulipo. Pigeni makofi kwa kila anayepita, mpaka yule wa mwisho kabisa anayesindikizwa na pikipiki ya waandaaji.

Na wewe mzee uliyeona medali, sikudharau. Inaweza kuja, mwaka wa tatu au wa tano. Lakini ukimwambia kijana leo kwamba atashinda, unamtwika mzigo wa kilo hamsini juu ya usukani. Akifika njia panda ya kukatisha hatari au kusubiri, hatafikiria breki, atafikiria uso wako Jumapili. Tumemwona kijana wa aina hii mara nyingi, si kwenye baiskeli tu. Kwenye mtihani, kwenye biashara, kwenye ndoa. Ametabiriwa mwisho kabla ya kufundishwa mwanzo. Kisha akianguka, tunamuuliza imani yake ilikuwa wapi, wakati sisi ndio tuliomnyima mazoezi.

Kwa hiyo mimi nitawaombea, na maombi yangu ni mafupi: macho yaone mbali, mikono itulie, kiburi kikae nyumbani, na kila mmoja arudi na mifupa aliyoondoka nayo. Akimaliza wa mia na themanini kati ya mia mbili, bila kumwangusha mtu, nitampigia makofi kama nimeona taji. Mara ya pili, atakuwa anajua sehemu ya kushindania.

Mwambie jirani yako: MBIO ZA KWANZA NI ZA KUMALIZA.

Kama umejiandikisha, usiniandikie "Amina" pekee hapa chini. Niandikie umeshaendesha na kundi mara ngapi. Kama jibu ni sifuri, bado hujachelewa. Tafuta wenzako watatu wiki hii, muanze taratibu.

Nawapenda. Mbarikiwe, na mvae kofia.

Mchungaji wenu.